Usiku Kozi Alipoungua Juu ya Woomera

Usiku wa Juni 13, 2010, anga la jangwa la Woomera, kusini mwa Australia, liliwaka ghafla. Chombo cha Wajapani kiitwacho Hayabusa, yaani kozi, kilikuwa kinateketea. Mbele ya vipande vyake ilitangulia cheche moja iliyokataa kuzimika: kapsuli yenye upana wa sentimita 40, imebeba vumbi la Itokawa, mwamba wa angani wenye urefu wa takriban nusu kilomita.

Kilitarajiwa kurudi 2007. Lakini kilipotua Itokawa, Novemba 2005, risasi ya kutimua vumbi haikufyatuka. Mafuta yakavuja, na Desemba chombo kikanyamaza. Timu ya kiongozi wa mradi, Junichiro Kawaguchi, ikakiita kila siku mpaka kilipoitika Januari 2006. Mwaka 2009 injini zikagoma. Wahandisi wakachukua sehemu nzima ya injini moja, wakaioanisha na sehemu nzima ya nyingine, safari ikaendelea. Hilo ndilo linalonigusa kuliko yote, kwa sababu njia ya kuziunganisha ilikuwa imewekwa kabla chombo hakijaondoka 2003. Kuna mtu aliyewaza mapema.

Zikiwa zimesalia kama saa 3 kabla ya kuungua, Hayabusa kiliiachia kapsuli. Chenyewe hakikuwa na mafuta ya kuikwepa Dunia. Wahandisi wakakigeuza kitutazame kwa mara ya mwisho. Picha kiliyotuma haina rangi, na sehemu yake ya chini imekatika: mawasiliano yalikoma kabla haijafika yote.

Helikopta iliiona kapsuli usiku uleule, mwavuli wake umelala mchangani. Haikuokotwa papo hapo. Ilikuwa imeangukia ardhi inayoheshimiwa na wenyeji wa asili, hivyo wawakilishi wao walipelekwa kwanza kupatazama, wakaridhia. Nadhani ndivyo ilivyopasa.

Ilipofunguliwa Japani, macho hayakuona kitu cha maana. Watafiti wakakwangua kuta za chombo cha ndani kwa mwiko mdogo mno, na Novemba wakatangaza kupata chembe 1,500 hivi za Itokawa, nyingi zikiwa ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita. Zilitosha kuonyesha kwamba vimondo vya mawe vya kawaida, vinavyoanguka kwetu tangu zamani, hutoka kwenye miamba ya aina hiyo.

Desemba 6, 2020, kapsuli ya chombo kilichofuata, Hayabusa2, ilitua jangwa lilelile ikiwa na gramu 5.4 za changarawe nyeusi kutoka Ryugu, mwamba mwingine wa angani. Safari hii chombo hakikuungua. Kilikuwa na mafuta. Kikaipita Dunia, kikaenda zake.