Mirambo na Njia Kuu ya Tabora: Tumpimeje Mtu?

Leo tutapita katika njia kuu ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji. Lakini leo hatutahesabu vituo wala mizigo. Tutajaribu kujibu swali moja: mtu aliyekufa zamani tumpimeje, tujue kama alikuwa mwema au mwovu?

Kwanza nitawapa kipimo. Kipimo chenyewe kimetoka mbali, tena kimetoka katika mchezo. Huko Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi mezani, kama sisi tunavyoketi kwa karata. Kila mmoja hujifanya mtu wa hadithi: huyu askari, huyu mchawi, yule mwizi. Kisha wote husafiri katika nchi ya kubuniwa, na dadu hutupwa ili kujua kama jambo alilojaribu mtu limefaulu au halikufaulu.

Kabla ya kuanza, kila mchezaji huandika mwelekeo wa tabia ya mtu wake. Hapo mwanzo palikuwa na swali moja tu: mtu huyu hufuata sheria, au hupenda vurugu, au yuko katikati? Kufika mwaka 1978 swali la pili lilikwisha kuongezwa: mtu huyu ni mwema, au mwovu, au yuko katikati? Basi ukitia majibu matatu ya swali la kwanza pamoja na majibu matatu ya swali la pili, utapata tabia tisa. Tatu mara tatu ni tisa.

Huenda mtauliza, mchezo wa watoto wa Marekani watuhusu nini sisi? Watuhusu kwa neno moja. Umetenga sheria na wema. Watu wengi hudhani kwamba mtu wa sheria ndiye mtu mwema, na mvunja sheria ndiye mwovu. Sivyo. Ni maswali mawili, na kila moja lataka jibu lake. Historia ya Tabora yatuonyesha hivyo waziwazi.

Tazameni Tabora ya miaka ya 1850 na 1860. Nchi ile ni Unyanyembe, na mtawala wake huitwa mtemi. Waarabu na Waswahili wa pwani wamejenga tembe zao huko, nyumba za udongo zenye paa la bapa. Nguo na bunduki zapanda kutoka pwani. Pembe za ndovu zashuka. Wachukuzi wengi ni Wanyamwezi, watu huru wanaofanya kazi kwa ujira wa nguo na shanga. Mtu mmoja aliweza kuchukua frasila mbili, yaani kama kilo 32, akatembea nazo kilomita 800 na zaidi mpaka baharini. Lakini katika njia ile ile walipita pia watu waliofungwa minyororo, na wao hawakulipwa kitu.

Basi tumwulize maswali yetu mfanya biashara wa watumwa. Je, alifuata sheria? Sheria za Unguja za siku zile zilimruhusu. Aliandika hati, alilipa ushuru, alilipa madeni yake. Ndipo tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa, na kuwasafirisha watumwa kwa bahari kukakatazwa. Kwa hiyo aliyeuza mtumwa katika soko lile mwaka 1872 hakuvunja sheria. Aliyeuza mtumwa Unguja kwa siri mwaka 1874 aliivunja. Lakini machozi ya mtumwa yalikuwa yale yale mwaka 1872 na mwaka 1874. Huyu, basi, mwaka 1872 alikuwa mtu wa sheria, na kazi yake ilikuwa mbaya. Sheria ilimlinda tu, haikumfanya mwema.

Sasa tumtazame mtu wa pili. Mtemi Fundikira alipokufa, Mnywa Sere alitawala Unyanyembe baada yake. Mnywa Sere aliwatoza wafanya biashara ushuru kwa mali iliyoingia nchini mwake. Wafanya biashara walikasirika, na kiasi cha mwaka 1860 wakamfukuza kwa silaha, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akawa mtu wa porini, akiwavizia katika njia. Mzungu Speke alipopita mwaka 1861 alijaribu kuwapatanisha, asiweze. Mwaka 1865 Mnywa Sere aliuawa.

Je, nani alivunja sheria hapo? Wafanya biashara walimwita mwasi. Lakini mwenye nchi kutoza ushuru ndiyo sheria ya nchi. Mwenye nyumba aliyefukuzwa na wageni wake, akabaki akigonga mlango usiku, yeye ndiye aliyeitwa mwizi. Kwa hiyo, ukisikia mtu anaitwa mhalifu, jiulize kwanza: ni sheria ya nani aliyoivunja?

Na sasa Mirambo mwenyewe. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtyela Kasanda, naye alizaliwa kiasi cha mwaka 1840, katika ukoo wa watemi wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Jina la Mirambo, kama linavyofasiriwa, maana yake ni maiti. Alikusanya vijana wa vita walioitwa rugaruga, akashinda watemi wa jirani mmoja mmoja, na makao yake yakawa Urambo. Kisha akaishika njia ya kwendea Ujiji, akadai hongo kubwa.

Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga. Mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, ambaye alikuwa akimtafuta Livingstone, alitaka njia ifunguliwe, akaenda vitani upande wa Waarabu. Mwanzo walishinda, kisha rugaruga wakawavizia, na jeshi likatawanyika. Katika Agosti mwaka ule Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akaua, akachoma sehemu ya mji. Stanley ilimbidi azunguke kwa kusini ndipo afike Ujiji.

Katika maandishi yake ya safari ile, Stanley alimtaja Mirambo kama jambazi. Lakini mwaka 1876 walikutana uso kwa uso, wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Safari hii Stanley aliandika kwamba Mirambo ni mtu mpole wa maneno, mkarimu, mwenye adabu. Tena alimfananisha na Napoleon, mfalme mkuu wa Ufaransa. Je, katika miaka mitano Mirambo aligeuka kiasi hicho? Nadhani mwandishi ndiye aliyehama kiti. Mara ya kwanza aliketi na adui za Mirambo. Mara ya pili aliketi na Mirambo.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusikimbilie kumfanya Mirambo malaika. Tuulize maswali yetu mawili kwa haki.

Swali la kwanza, sheria. Machoni pa Waarabu wa Tabora alikuwa mhalifu. Lakini katika nchi yake alikuwa na utawala wenye nguvu, alifanya mapatano na wageni, na alimkaribisha daktari Southon wa misioni ya Kiingereza, ambaye aliishi Urambo mpaka alipokufa mwaka 1882. Mirambo hakutaka njia ifungwe milele. Alitaka ipite mikononi mwake, kama Waarabu walivyotaka ipite mikononi mwao.

Swali la pili, wema. Hapa jambo ni gumu zaidi. Rugaruga walichoma vijiji, wakachukua ng'ombe na mateka. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika mojawapo ya vita vyake. Wengine waliokufa ni wanakijiji ambao majina yao hayakuandikwa. Mjane aliyesimama mbele ya nyumba inayoungua hakuuliza kama mwenge ulishikwa na mtu wa Tabora au mtu wa Urambo. Kwake moto ulikuwa moto.

Mirambo alikufa mwezi wa Desemba 1884, na baada yake ufalme wake ulivunjika upesi. Kilichokuwa kimejengwa juu ya mtu mmoja na hofu ya vijana wake hakikusimama bila yeye.

Basi mimi nasema hivi. Mirambo alikuwa mwenye nchi aliyetetea haki ya nchi yake, na hilo ni sifa. Lakini alilitetea kwa kuwaumiza watu wasio na kosa, na hilo ni lawama. Sifa haifuti lawama, wala lawama haifuti sifa. Ukinilazimisha nimweke katika kisanduku kimoja cha ule mchezo, nitasema mchezo haukutosha.

Maana kuna tofauti moja kubwa. Katika mchezo, mtu huandika tabia yake kwa mkono wake. Katika historia, mara nyingi tabia yako huandikwa na mwingine. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, mfanya biashara mkubwa wa pembe na watumwa, alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na mpaka leo twasoma maneno yake na sababu zake. Mirambo hakuacha kitabu cha maisha yake. Wachukuzi wenye frasila mbili begani hawakuacha hata barua. Mjane yule hakuacha kitu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya wachukuzi ikaanza kwisha, na pamoja nayo masimulizi mengi yakapotea.

Ndiyo sababu wewe unajifunza kusoma na kuandika, ndugu yangu. Si kwa ajili ya kusoma bei dukani tu. Wazee wako wana habari, na wewe sasa una kalamu. Usipoandika wewe, ataandika aliyeketi upande mwingine.

Haya, zungumzeni katika darasa lenu:

1. Taja jambo moja lililoruhusiwa na sheria zamani, nalo lilikuwa baya. Kisha taja jambo moja jema ambalo sheria ililikataza.
2. Mnywa Sere alikuwa mwasi, au alifanyiwa uasi? Toa sababu.
3. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani mpaka akafa mwaka 1893. Mpime kwa maswali yetu mawili.
4. Mwulize mzee mmoja wa kwenu habari ya mtu mashuhuri wa zamani. Andika mistari mitano: miwili ya sifa zake, miwili ya lawama, na mmoja wa maoni yako.

Kwaherini mpaka somo lijalo.