Ngurumo ya Bati na Ngurumo ya Kitufe



Katika mkutano wetu uliopita wanafunzi walituonyesha mchezo wa kuigiza. Ngurumo ilipolia, nilinyoosha shingo kumtafuta mtu wa bati. Miaka ya 1990 kazi hiyo ilikuwa yangu: kusimama nyuma ya pazia na kutikisa bati. Usiku mmoja nilichelewa. Mfalme alianguka kwanza, radi ikafuata, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Safari hii nyuma ya pazia alikaa kijana wa Kidato cha Tatu mbele ya kompyuta. Alibonyeza herufi N, na ngurumo ikalia papo hapo.

Jambo hilo halikuja kwa siku moja. Agosti 1951, mjini Sydney, kompyuta iitwayo CSIRAC ilipiga muziki hadharani, lakini ilifuata mkanda wa karatasi uliotobolewa mapema. Mwaka 1957, huko Marekani, mhandisi Max Mathews aliandika programu iliyotoa muziki wa sekunde 17 kwa kompyuta ya IBM 704. Hesabu zilifanywa kwanza, sauti ikasikika baadaye. Mwaka 1978 wanamuziki wa California, akiwamo Jim Horton na John Bischoff, walianza kupiga muziki pamoja mbele ya watu kwa kompyuta ndogo za KIM-1, zenye kumbukumbu ya kilobaiti moja tu, wakiziunganisha kwa nyaya. Mwaka 1983 ukaja utaratibu wa MIDI, ulioziwezesha kompyuta na ala za viwanda mbalimbali kuelewana.

Hata hivyo, vitufe vya kompyuta viliundwa kwa kuandikia. Havitambui kama umebonyeza kwa nguvu au taratibu, na katika kibodi nyingi ukibonyeza vitatu au vinne kwa pamoja, kimoja chaweza kukaa kimya. Kwa hiyo kazi kubwa hubaki kwa mtu: kuujua mchezo, kusikiliza, na kubonyeza kwa wakati wake.

Nasema haya kwa kuwa nimearifiwa kwamba kijana yule alikaripiwa kwa "kuchezea" kompyuta za shule. Wote niliowataja walizichezea kompyuta kwa namna hiyo hiyo. Naomba uongozi uwafungulie vijana chumba cha kompyuta angalau jioni moja kwa wiki. Spika nitanunua mimi.

Radi yangu ilichelewa. Yake ilifika kwa wakati. Tusimwadhibu kwa hilo.