Mwenye Lori na Bei ya Maili

Je, dereva anayemiliki lori lake ni bwanyenye au mfanyakazi? Huko Marekani, tangu sheria ya 1935, asiye na kibali aliweza kubeba mazao ya shamba. Kwa mizigo mingi mingine alijikodisha yeye na lori lake kwa kampuni yenye kibali, nayo ikakata fungu lake katika nauli. Uhuru gani huo!

Waarabu walipoinyima Marekani mafuta Oktoba 1973, dizeli ilipanda bei. Desemba madereva wakafunga barabara. Januari 1974 mwendo ukashushwa kisheria hadi maili 55 kwa saa. Mtu analipwa kwa maili: maili zikapungua, deni la lori likabaki lilelile. Wakagoma, wakapata nyongeza ya asilimia 6. Sheria ya 1980 ilirahisisha vibali. Wakaingia wengi, nauli zikashuka.