Hijabu na mpira wa vikapu: Wachezaji waliofungua njia na mabinti wa Kaskazini Mashariki

KWA miaka mingi msichana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyekuwa na kipaji cha mpira wa vikapu alikabiliwa na hesabu ngumu. Angeweza kuichezea shule yake akiwa amejisitiri, akafuzu kutoka ngazi ya wilaya hadi mkoa, na kutoka mkoa hadi mashindano ya kitaifa, pasipo mtu kumuuliza lolote kuhusu mavazi. Lakini lau angeteuliwa katika timu ya taifa na kupangwa kucheza mechi inayotambuliwa na Shirikisho la Mpira wa Vikapu Duniani (FIBA), angelazimika kuchagua kimoja kati ya viwili: jezi au hijabu.

Kanuni hiyo haikutungwa kwa kuwalenga Waislamu. Ilipiga marufuku vitu vyote vya kuvaliwa kichwani ambavyo vingeweza kumjeruhi mchezaji, isipokuwa utepe mwembamba wa kuzuia nywele na jasho ambao upana wake haukupita sentimita 5. Hoja iliyotolewa ilikuwa ni usalama. Hata hivyo, athari zake zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Mnamo Julai 2014, wachezaji wawili wa India wa dini ya Sikh, Amritpal Singh na Amjyot Singh, waliamriwa wavue vilemba kabla ya kuingia uwanjani katika mashindano ya Asia mjini Wuhan, China. Miezi miwili baadaye, timu ya wanawake ya Qatar ilijiondoa katika Michezo ya Asia mjini Incheon, Korea Kusini, baada ya kuambiwa kwamba haingeruhusiwa kucheza dhidi ya Mongolia ikiwa na hijabu. Michezo mingine mjini humo haikuwa na kikwazo cha aina hiyo, na soka ilikuwa imekwisha kuruhusu hijabu rasmi mwaka huo huo.

FIBA ililegeza kamba taratibu. Kuanzia Septemba 2014 iliruhusu majaribio katika ligi za ndani za nchi wanachama, na tarehe 4 Mei 2017 mkutano wake uliofanyika Hong Kong ukapitisha kanuni mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Lakini mikutano haibadilishi kanuni yenyewe kwa yenyewe. Nyuma ya uamuzi huo walikuwapo wanawake waliolipa gharama, na maisha yao ya mapema yanastahili kujulikana na wasomaji wa upande huu wa dunia, ambako mjadala wa binti na uwanja bado haujamalizika.

Wa kwanza ni Bilqis Abdul-Qaadir. Alizaliwa mwaka 1990 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, katika familia kubwa ya Waislamu weusi ambamo watoto walijifunza mpira wakishindana wao kwa wao. Hakujaliwa kimo, ila alijaliwa mkono. Alianza kuichezea timu ya sekondari akiwa bado darasa la nane, na alipoanza kuvaa hijabu katika miaka yake ya ujana, alivaa pia fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana chini ya jezi. Mashabiki wa timu pinzani hawakumwachia. Naye aliwajibu kwa pointi.

Kufikia mwaka 2009, alipomaliza masomo ya sekondari, alikuwa amefunga jumla ya pointi 3,070. Hakuna mchezaji wa sekondari katika jimbo hilo, mvulana wala msichana, aliyekuwa amefika pointi 3,000 kabla yake. Rekodi ya wasichana aliyoivunja ilikuwa ya pointi 2,710, iliyowekwa na Rebecca Lobo, ambaye baadaye alitwaa dhahabu ya Olimpiki. Mwaka huo huo Rais Barack Obama alimtaja Bilqis kwa jina katika hafla ya futari katika Ikulu ya Marekani.

Alipata ufadhili wa masomo katika Chuo Kikuu cha Memphis, akaumia kano ya goti kabla ya kuanza msimu wake wa kwanza, akasubiri, kisha akarejea na kuwa mchezaji wa kwanza kuvaa hijabu katika daraja la kwanza la mpira wa vikapu wa vyuo vikuu vya Marekani. Alihitimisha maisha yake ya chuo katika Indiana State mwaka 2014. Hatua iliyofuata ingekuwa ni kulipwa mshahara kwa kucheza ng'ambo, kama wafanyavyo wachezaji wengi wa kiwango chake. Ni hapo kanuni ya FIBA ilipomfungia mlango. Klabu za Ulaya zilifuata kanuni za shirikisho, na shirikisho halikutaka kitambaa kile.

Hapa ndipo mkasa wa Bilqis unapochoma. Aliingia katika kampeni ya kuiondoa kanuni, na wengine wakajiunga naye. Nchini Uingereza, Asma Elbadawi, mchezaji na mshairi wa Bradford mwenye asili ya Sudan, alianzisha ombi lililotiwa saini na watu zaidi ya 130,000. Mlango ukafunguliwa mwaka 2017, lakini kwa Bilqis ilikuwa miaka mitatu tangu aondoke chuoni, na kwa mwanamichezo miaka mitatu ni umri. Hakupata kucheza mechi ya kulipwa. Alihamia Kanada, akawa mwalimu na kocha, na safari yake ikasimuliwa katika filamu ya maisha halisi. Waliovuna ni waliomfuata.

Wakati Bilqis akipigania kanuni kwa saini na mahojiano, mwanamke mwingine, umbali mfupi tu kutoka mpaka wa Kenya, alikuwa akikabiliwa na jambo zito zaidi. Suweys Ali Jama alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya wanawake ya Somalia mwaka 2011, akiwa bado kijana wa chini ya miaka ishirini. Alikua wakati Mogadishu ikigawanyika mikononi mwa makundi yenye silaha. Mwaka 2006 Muungano wa Mahakama za Kiislamu ulipoushika mji huo, michezo ya wanawake ilitangazwa kuwa haramu. Ulipong'olewa, Al-Shabaab waliirithi marufuku hiyo na kuongeza vitisho. Nahodha huyo alipewa chaguo lisilo na utata: aache mpira au auawe.

Hakuacha. Timu yake ilifanya mazoezi ndani ya ua wa chuo cha polisi mjini Mogadishu, mahali ambapo kuta zilikuwa na matundu ya risasi, na wachezaji wakienda na kurudi walijifunika kama wanawake wengine wa mjini ili wasitambuliwe. Desemba 2011 timu hiyo ilifika Doha, Qatar, kwa Michezo ya Mataifa ya Kiarabu. Mtu anayeishi mbali anaweza kudhani vitisho vile vilikuwa maneno matupu. Havikuwa hivyo. Tarehe 4 Aprili 2012, bomu lilipolipuliwa katika Ukumbi wa Taifa mjini Mogadishu, waliouawa walikuwa pamoja na mwenyekiti wa kamati ya Olimpiki ya Somalia, Aden Yabarow Wiish, na kiongozi wa shirikisho la soka, Said Mohamed Nur.

Wanaosema kwamba mpira wa vikapu ni mchezo wa kigeni kwa Wasomali wanasahau historia. Mwaka 1981 Mogadishu iliandaa mashindano ya mataifa ya Afrika ya wanaume. Ivory Coast ikatwaa kombe, Misri ikawa ya pili, na wenyeji wakashika nafasi ya tatu. Vita vya kuanzia mwaka 1991 viliufuta urithi huo, si ukosefu wa mapenzi ya mchezo. Hata amani ya kiasi iliporejea, upinzani haukwisha: Desemba 2016 mji wa Garowe huko Puntland ulipoandaa mashindano ya wanawake, baraza la wanazuoni liliyapinga hadharani.

Vita hivyo ndivyo vilivyoijenga Dadaab. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, na Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992, zikiwa zimekusudiwa kuwahifadhi watu 90,000. Katika ukame wa mwaka 2011 idadi ilipita 450,000, na eneo lile la Garissa likawa mojawapo ya miji mikubwa ya Kenya ingawa halikuitwa mji. Ni katika kambi hizo, katikati ya muongo wa 2000, ambapo shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi (UNHCR) na kampuni ya Nike walikaa na wasichana wa Kisomali waliokuwa wakicheza voliboli na kuwauliza swali ambalo FIBA haikuwahi kuwauliza: mnataka kuvaa nini? Wasichana walikuwa wakikanyaga mabuibui yao wakiruka, na hijabu zikiwafumba macho. Kutokana na mazungumzo hayo zilibuniwa nguo nyepesi, pana kiasi cha kuwaridhisha wazazi, na zisizomnasa mchezaji miguuni. Kampuni hiyo hiyo ilitangaza hijabu ya michezo ya kuuzwa dunia nzima mwaka 2017, miezi michache kabla ya kanuni ya FIBA kubadilika. Waliovalishwa kwanza walikuwa watoto wa Dadaab, ijapokuwa matangazo ya biashara hayakukumbuka kuwataja.

Wazo hilo lilisafiri na watu. Wakimbizi wengi waliopitia Kenya walihamishiwa Minneapolis, Marekani, na katika mtaa wa Cedar-Riverside, Fatimah Hussein alianzisha programu ya michezo kwa wasichana, akianza kwa kupigania saa za ukumbi ambazo wavulana hawangekuwapo. Wasichana hao wa mpira wa vikapu walishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota kubuni sare zao wenyewe, zilizozinduliwa mwaka 2015. Huko Boston, Jamad Fiin, binti wa wazazi wa Kisomali, alijulikana duniani mwaka 2018 kwa kanda fupi zilizomwonyesha akiwapiga chenga wavulana huku akiwa na hijabu. Aliendelea kucheza katika Chuo cha Emmanuel, na akaanzisha kambi za mafunzo kwa mabinti wa Kiislamu.

Ikumbukwe kuwa kanuni ya FIBA hailazimishi kila nchi. Diaba Konaté, aliyeichezea Ufaransa katika timu za vijana na kushinda medali ya fedha katika Olimpiki ya Vijana mjini Buenos Aires mwaka 2018, alisoma na kucheza Marekani akiwa na hijabu. Mwishoni mwa mwaka 2022 shirikisho la Ufaransa lilipiga marufuku mavazi ya kidini katika mechi zake zote, kuanzia za watoto. Mchezaji aliyevaa jezi ya taifa akajikuta hawezi kuchezea hata klabu ya mtaa alikozaliwa.

Nchini Kenya hakuna marufuku ya namna hiyo viwanjani. Suala la shuleni lina historia yake: kesi iliyoanzia shule ya sekondari ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo, ilifika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2016 iliwaruhusu wasichana kuvaa hijabu juu ya sare, Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo na kuirudisha kazi ya kutunga kanuni za mavazi kwa bodi ya shule, baada ya mashauriano. Katika Garissa, ambako karibu kila mwanafunzi ni Mwislamu, hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni mwalimu.

Mpira wa vikapu, tofauti na soka, haujifundishi wenyewe mtaani. Unahitaji uwanja wa sakafu ngumu, ubao ulionyooka na mtu anayejua kanuni. Katika shule za Kenya mtu huyo aghalabu ni mwalimu kutoka kaunti nyingine. Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, wengi wao wakiwa walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka kaunti zote tatu. Walioondoka hawakuwa walimu wa hisabati na fizikia pekee. Waliondoka pia waliokuwa wakibaki uwanjani jioni wakiwa na filimbi.

Linganisha na Pwani. Madina Okot, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, alichezea shule ya Kaya Tiwi huko Kwale, tishio la miaka mingi katika michezo ya shule za sekondari. Kutoka hapo alipita Chuo Kikuu cha Zetech, akaenda Mississippi State nchini Marekani mwaka 2024, na mwaka uliofuata akahamia South Carolina, mojawapo ya timu zenye nguvu zaidi za wanawake katika vyuo vya nchi hiyo. Kwale si kaunti tajiri, na jua lake si dogo. Lakini ilikuwa na shule iliyoamua kuuchukulia mchezo huo kwa uzito, na makocha ambao hawakulazimika kupanda ndege kuokoa maisha yao katikati ya muhula.