Jinsi burudani ilivyotumiwa kuwauzia Waingereza ukoloni

WAINGEREZA wengi wa karne ya 19 hawakuwahi kukanyaga Afrika wala Bara Hindi, lakini waliamini kuwa kutawala huko ni haki yao. Imani hiyo hawakuitoa bungeni pekee, bali pia katika burudani na bidhaa za kila siku.

Mnamo 1878, wimbo wa G. H. MacDermott wa kuitisha Urusi ulivuma mno katika kumbi za muziki za London, hata neno 'jingo' lililokuwa kwenye kiitikio chake likawa jina la uzalendo wa kichokozi. Wavulana nao walisoma jarida la Boy's Own Paper, lililoanzishwa 1879, pamoja na riwaya za G. A. Henty, ambamo shujaa kwa kawaida ni kijana wa Kiingereza. Hata sabuni ya Pears ilitangazwa kana kwamba ndiyo iliyobeba ustaarabu!

Maonyesho ya Wembley ya 1924 na 1925 yalivutia zaidi ya watu milioni 20.

Sinema ilikuwa na nguvu zaidi. Filamu ya Sanders of the River ya 1935 ilimtukuza afisa wa kikoloni nchini Nigeria. Ajabu ni kwamba Jomo Kenyatta, wakati huo akiwa mwanafunzi London, aliigiza humo kama chifu, sehemu ndogo tu. Mwigizaji Mmarekani Paul Robeson, aliyetarajia filamu hiyo iheshimu utamaduni wa Mwafrika, aliikana baadaye.