Mti Mdogo, Umri Mkubwa: Historia ya Bonsai na Familia Zilizoitunza

Ndugu wasomaji, katika makala yetu ya leo tunawapeleka mbali kidogo, mpaka Uchina na Japani, kuangalia historia ya jambo ambalo kwa macho ya haraka laweza kuonekana ni mchezo wa watu wenye nafasi tu. Nalo ni utunzaji wa miti midogo ndani ya vyungu, ambayo dunia nzima inaijua kwa jina la bonsai. Tumeichagua historia hii kwa sababu kiini chake ni familia. Mti wa namna hii ukiishi sana humpita aliyeupanda, na lazima apatikane mtu wa kuupokea.

Kwanza tuelewane: bonsai ni nini?

Wengi hudhani kuwa bonsai ni aina ya mti wenye mbegu ya kimbilikimo. Sivyo. Ni mti wa kawaida kabisa, msonobari au mtini kwa mfano, ambao ukiachwa shambani utakuwa mkubwa kama ndugu zake. Neno lenyewe ni la Kijapani, na maana yake ni kitu kilichopandwa kwenye sinia au chombo bapa. Mti hubaki mdogo kwa sababu ya kazi ya mikono: matawi hupogolewa, mizizi hupunguzwa kila baada ya miaka michache na kuwekewa udongo mpya, na tawi linalotakiwa kuinama huviringishiwa waya wa shaba au wa alumini mpaka likubali. Waya ukisahaulika, huzama kwenye gome na kuacha kovu. Maji nayo hayana likizo. Udongo wa chombo kifupi hukauka upesi, na siku chache za jua kali bila maji zaweza kumaliza kazi ya miaka 100.

Ilikoanzia

Asili ya sanaa hii ni Uchina, ambako huitwa penjing. Ushahidi mmoja wa kale umo katika kaburi la mwanamfalme Li Xian wa ukoo wa Tang, aliyezikwa huko mwaka 706. Kwenye ukuta wa kaburi hilo amechorwa mtumishi aliyebeba chombo chenye mimea midogo na mawe. Kutoka Uchina desturi hii ilivuka bahari hadi Japani, na mchoro wa Kijapani wa mwaka 1309 unaonyesha tayari miti ya vyunguni nyumbani kwa watu. Mtawala Tokugawa Iemitsu, aliyeshika madaraka kuanzia mwaka 1623 hadi 1651, alikuwa mpenzi mkubwa wa miti hii. Msonobari unaohusishwa na jina lake ungali hai katika kasri la mfalme mjini Tokyo.

Wajapani wana kisa cha zamani kilichofanywa tamthilia iitwayo Hachi no Ki. Kisa chenyewe ni cha askari mmoja aliyedhulumiwa mali akabaki fukara. Usiku mmoja wa theluji akabishiwa hodi na msafiri. Nyumbani hamkuwa na kuni. Vitu pekee vya thamani alivyobakiwa navyo vilikuwa miti mitatu ya vyunguni, nayo ni mplamu, mcheri na msonobari. Akaikata yote mitatu akamwashia mgeni moto. Baadaye ikabainika kuwa mgeni yule alikuwa Hojo Tokiyori, mtawala wa zamani aliyekuwa akitembea kwa kujificha, na askari akarudishiwa haki yake pamoja na zawadi ya ardhi. Sisi watu wa pwani na bara, tuliolelewa kuambiwa kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, hatuhitaji mkalimani wa kisa hiki. Aliipenda miti yake, lakini alijua kuwa mtu ni bora kuliko mti.

Kijiji kilichozaliwa na tetemeko

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga eneo la Tokyo, na moto uliofuata ukateketeza sehemu kubwa ya jiji. Waliokufa walizidi 100,000. Miongoni mwa walioathirika walikuwa watunzaji wa bonsai waliokuwa wakiishi mjini humo. Baadhi yao waliamua kutafuta ardhi nzuri, maji safi na hewa, wakahamia Omiya, kaskazini ya Tokyo, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao.

Masharti ya kuishi humo yanafaa kusimuliwa. Kila mkazi alitakiwa awe na miti isiyopungua 10. Nyumba ya ghorofa haikuruhusiwa. Ua ulipaswa kuwa wa mimea. Na mlango wa bustani uachwe wazi kwa kila anayetaka kuingia kutazama. Katika miaka ya 1930 bustani zilifikia takriban 30. Leo zimebaki chini ya 10, ingawa mwaka 2010 serikali ya mji ilifungua hapo makumbusho ya bonsai. Bustani zikipungua namna hiyo, tunajiuliza: watoto walikwenda wapi? Swali hilo halihusu Japani peke yake. Mafundi wetu wa kuchonga milango na kushona kofia nao wanalijua.

Msonobari wa Hiroshima

Lakini kisa kinachotugusa zaidi ni cha ukoo wa Yamaki wa Hiroshima. Ukoo huu ulikuwa na msonobari mweupe ulioanza kutunzwa mwaka 1625, ukapokezanwa baba kwa mwana. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo, bomu la atomiki liliangushwa juu ya mji huo. Nyumba ya Yamaki ilikuwa kama kilomita 3 tu kutoka pale bomu lilipolipukia. Vioo vilipasuka vikawajeruhi waliokuwa ndani, lakini wote walinusurika. Na ule mti, uliokuwa umekingwa na ukuta mrefu wa bustani, nao ukasalimika.

Mwaka 1976 Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru wake, Wajapani waliipa zawadi ya miti 53 ya bonsai. Mmoja wa miti hiyo ulitolewa na Masaru Yamaki. Ulikuwa ni ule ule. Aliwapa mti wa mababu zake watu ambao nchi yao iliuchoma mji wake, wala hakuutangaza kwa maneno makubwa. Habari yake ilienea hasa baada ya mwaka 2001, wajukuu zake wawili walipokwenda Washington kuutazama mti ambao walikuwa wakiusikia tu nyumbani. Uko huko hadi sasa, na umri wake wa kutunzwa umeshapita miaka 400.

Tuongeze kisa kimoja cha karibuni. Mwezi Januari 2019, katika mkoa wa Saitama, wezi waliiba miti saba ya familia moja, ukiwemo mmoja wa miaka 400 hivi, wa jamii moja na mtarakwa wa milima yetu ya Kenya. Thamani ya iliyoibwa ilizidi yeni milioni 10. Mama wa familia ile hakuanza kwa kulaani. Aliomba hadharani kwamba huko iliko, miti imwagiliwe maji.

Tunajifunza nini?

Ndugu wasomaji, hatusemi kila nyumba itafute bonsai. Anayetaka kujaribu na watoto wake aweza kuanza na mche wa mtini au wa mbuyu, auweke nje penye jua, kwenye chombo chenye matundu chini, na asikimbilie mkasi kabla mche haujashika vizuri. Mtoto mmoja apewe zamu ya maji, na wa pili aje kumpokea.

Tunachokisema ni kwamba mti huu ni amana. Aliyeupanda mwaka 1625 hakumjua mtu hata mmoja kati ya wanaoumwagilia leo. Kila aliyeupokea alifanya sehemu yake, akaondoka, na mwingine akashika kopo la maji. Basi tujiulize majumbani mwetu: tumepokea nini kutoka kwa wazee wetu, na nani tunamfundisha kukitunza?

Tukutane toleo lijalo, inshaallah.