Skrubu ya Robertson
Skrubu ya Robertson ni skrubu yenye tundu la mraba kichwani, iliyobuniwa na Mkanada Peter Lymburner Robertson mwaka 1908. Skrubu za mfuo mmoja zilizotumika kabla yake zilikuwa na ila mbaya: bisibisi ikiteleza, huchana kiganja, na inasimuliwa kuwa Robertson mwenyewe yalimkuta hayo. Tundu la mraba hupungua upana kuelekea chini, hivyo ncha ya bisibisi hukaa barabara na skrubu huing'ang'ania bila kushikwa. Kwa fundi aliye juu ya ngazi, mkono mmoja ukishika ubao, hiyo ndiyo sifa kuu. Robertson alizitengeneza Milton, Ontario, na zilitumika kuundia magari ya Ford nchini Kanada. Hakuafikiana na Henry Ford kuhusu leseni, hivyo Marekani hazikuenea kama Kanada.